MAONI: Kabla ya x na y, anzeni na chapo na chai

MUULIZE mwanafunzi wa Gredi ya 8 pale Kongo, Kawangware, jinsi ya kutafuta x na y kwenye milinganyo miwili. Atakujibu kama anayekariri shairi la tamasha la shule: zidisha huu wa juu, zidisha wa chini, toa, gawanya, kisha rudisha jibu kule juu. Safi kabisa. Sasa muulize swali la pili: ni nani aliyekuruhusu kuuzidisha huo wa juu? Kimya. Na kwa nini umepewa milinganyo miwili, si mmoja? Kimya zaidi. Ukimsukuma sana atakwambia, "Si ndivyo tulifunzwa?"

Mimi hukaa na watoto wa majirani Jumamosi kuwasaidia na Hisabati, na jibu hilo nimelisikia kutoka kwa wale wanaofanya vizuri na wale wanaofeli vilevile. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana kumbukumbu nzuri. Basi. Tunawafunza watoto kupika chakula ambacho hawajawahi kukionja, halafu tunashangaa wakisahau chumvi.

Kama umesahau (na najua wengi wenu mmesahau, msijifanye), hii ndiyo ile hesabu ambayo sisi wa 8-4-4 tulikutana nayo Kidato cha Kwanza tukaiita "simaltenia". Una vitu viwili usivyovijua, na una taarifa mbili zinazovihusu. Mtaala wa CBC umeishusha hadi Gredi ya 8, katikati ya Sekondari Msingi, kwa watoto wa miaka 13 au 14. Wanatakiwa kuiunda milinganyo yenyewe kutokana na hali ya maisha, kisha waitatue kwa njia ya kuondoa, kwa njia ya kuweka badala, na kwa kuchora grafu.

Na si mada ya kurukwa. Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kabla ya hapo kulikuwa na wazo kwamba mwanafunzi wa sekondari pevu angeweza kuachana na Hisabati akitaka. Watu walipiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba somo hilo litakuwa la lazima kwa wote: Hisabati kamili kwa wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia, na Hisabati nyepesi zaidi kwa mikondo ile mingine miwili. Kwa hivyo mtoto aliyeshindwa na x na y Gredi ya 8 hana pa kujificha. Ataendelea kukutana nazo, na mlango wa uhandisi au udaktari unaanza kujifunga akiwa bado anavaa kaptura.

Sasa twende kibandani.

Umekula chapo mbili na chai moja, ukalipa Sh70. Beshte yako amekula chapo tatu na chai moja, akalipa Sh90. Chapo ni pesa ngapi?

Sijawahi kukutana na mtoto wa Kibera au Kawangware aliyehitaji kalamu kwa swali hili. "Ni mbao." Umejuaje? "Si yeye ameongeza chapo moja tu, na pesa imeongezeka mbao." Na chai? "Basi chai ni thate." Sekunde kumi hivi. Huyu mtoto ametoka kutumia njia ya kuondoa, ile ile inayomtoa jasho darasani, na hajui kwamba ameitumia. Chai zilikuwa sawa pande zote mbili zikafutana, ikabaki chapo.

Ongeza ugumu kidogo. Wewe bado una chapo mbili na chai moja kwa Sh70, lakini beshte amekula chapo tatu na chai mbili, Sh120. Hapa wanasita, kwa sababu chai hazilingani tena. Wape dakika. Kila mara kuna mmoja atakayesema, "Kama mimi ningekula mara mbili?" Ndiyo hiyo! Ungekula mara mbili ungekuwa na chapo nne na chai mbili, na ungelipa Sh140. Chai zimelingana. Tofauti ni chapo moja na Sh20. Yaani ile "zidisha mlinganyo wa juu kwa 2" si uchawi, ni kuagiza chakula kile kile mara ya pili. Hakuna aliyebadilishiwa bei. Mtoto akishaona hilo, huhitaji kumkumbusha kuzidisha na upande wa kulia pia, kosa linalomaliza alama za watu kila muhula. Nani atakula mara mbili alipe mara moja?

Hapo ndipo herufi zinaingia. Zinakuja mwisho, kama njia fupi ya kuandika kitu ambacho tayari anakielewa. Lakini kuna mtego hapa, na walimu wanaopenda mifano ya vyakula huuingia sana. Ukisema "c ni chapo", umeharibu. Mtoto ataisoma 2c kama "chapo mbili", ilhali c ni bei ya chapo moja kwa shilingi. C ni nambari, haiwezi kuliwa. Utaniambia hii ni kuchagua mchele punje moja moja. Basi sikia: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja Marekani waliambiwa waandike mlinganyo unaosema kwamba wanafunzi wa chuo ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliandika kinyume, ile sita ikakaa upande wa wanafunzi, kwa sababu waliiona herufi kama jina la watu badala ya idadi yao. Watu wa uhandisi hao. Ndiyo maana mimi hutumia x na y hata kwa chapo na chai, na kila mara naandika pembeni ubaoni, kwa maneno kamili: x ni bei ya chapo moja kwa shilingi.

Nirudi kwa lile swali la pili, kwa nini milinganyo miwili. Hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu ndilo roho ya mada yenyewe na karibu halifundishwi.

Ukiniambia tu "chapo mbili na chai moja ni Sh70", siwezi kujua bei ya chapo. Pengine chapo ni 20 na chai 30. Pengine chapo ni 25 na chai 20, au chapo 30 na chai 10. Majibu yako mengi na yote yanakubaliana na ulichosema. Wewe ni shahidi mmoja. Shahidi wa pili akija na habari tofauti, majibu yote yanaanguka na kubaki moja.

Lakini shahidi wa pili akija aseme "chapo nne na chai mbili ni Sh140" je? Huyo hajaleta kitu. Amerudia maneno ya wa kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Na akisema "chapo nne na chai mbili ni Sh150"? Sasa kuna jambo. Ama mmoja wao anadanganya, ama bei si moja kwa wote. Ukijaribu kutafuta x na y hapo hutazipata milele, na kosa si lako.

Mwambie mtoto hivyo, halafu umwonyeshe kwenye grafu: mistari miwili inayokatana mahali pamoja, mistari miwili ambayo ni mstari mmoja uliovaa koti lingine, na mistari miwili inayokwenda sambamba kama reli inayopita katikati ya Kibera, isikutane. Hizo hali tatu mwalimu wengi huzipitia mbio kama tanbihi, au haziguswi kabisa kwa kuwa "hazitokei kwenye mtihani". Kwangu mimi ndizo chakula chenyewe. Mtoto anayeweza kuuliza "hii habari ya pili imeniongezea chochote, au ni ile ile?" amepata kitu cha kumfaa kwenye chama cha mtaani, mahakamani, na hata akisoma magazeti. Nasi tunamnyima kitu hicho ili awahi kutoa na kugawanya.

Na historia iko upande wangu hapa. Kuna kitabu cha kale cha Wachina, Sura Tisa, ambacho mwanahisabati Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263. Sura yake ya nane yote ni ya hesabu za aina hii. Inaanza na nini? Matita ya nafaka. Matita kadhaa ya nafaka bora, kadhaa ya wastani, kadhaa ya hafifu, na jumla ya punje zilizotoka; tafuta kila tita linatoa kiasi gani. Walipanga vijiti vya kuhesabia kwenye ubao na kuondoa safu kwa safu, vile vile tunavyoondoa leo. Hakuna x. Hakuna y. Desturi ya kutumia x na y kwa vitu visivyojulikana ilienezwa na Mfaransa René Descartes kupitia kitabu chake cha mwaka 1637. Watu walitatua hesabu hizi zaidi ya miaka 1,300 bila herufi hizo, na sisi tunamkaribisha mtoto wa miaka 13 kwa herufi hizo hizo siku ya kwanza.

Sasa msidhani nasema tujaze vitabu na maembe na machungwa. Vimejaa tayari, na mifano mingi ni ya aibu. Mama amenunua maembe matatu na machungwa mawili, akalipa kiasi fulani. Kesho akanunua mengine. Embe moja ni bei gani? Mtoto wa Toi au wa Gatina atakutazama tu. Kwa nini mama asimuulize muuzaji? Bei si iko pale? Mfano wangu wa chapo nao una kasoro hiyo hiyo, siukatai. Ni mzuri kwa kumfungua macho aone kuondoa ni nini, basi. Ukimweka hapo muhula mzima, atajua kwamba Hisabati ni mchezo wa kuficha bei zinazojulikana.

Mahali ambapo hesabu hii ina meno mtaani ni penye njia mbili za kulipa. Chukua mkopo wa simu. Tuseme, kwa mfano tu, unataka Sh1,000. Programu ya kwanza inakukata ada ya Sh60 papo hapo, halafu Sh2 kila siku hadi ulipe. Ya pili haina ada ya kuanzia, ila inakutoza Sh8 kila siku. Ipi nafuu?

Vijana wengi hujibu haraka: ya pili, haina ada. Wengine: ya kwanza, shilingi mbili ni kitu gani. Chora mistari miwili. Wa kwanza unaanzia juu, kwa 60, na kupanda polepole. Wa pili unaanzia sifuri na kupanda kwa kasi. Inakatana siku ya 10, gharama ikiwa Sh80 kwa zote mbili. Ukilipa siku ya 3, ya pili imekugharimu Sh24 na ya kwanza Sh66. Ukichelewa hadi siku ya 30, ya kwanza ni Sh120 na ya pili Sh240, mara mbili kamili. Kwa hivyo "ipi nafuu" ni swali bovu. Swali zuri ni "utalipa lini?" Na ile nukta ya kukatana ndiyo mpaka.

Hakuna muuzaji wa kukunong'onezea nukta hiyo. Haijaandikwa kwenye programu. Lazima uitafute mwenyewe, na hesabu ya kuitafuta ni hii ya Gredi ya 8. Benki Kuu ilileta kanuni za kudhibiti wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na ni vizuri, lakini kanuni hazitakuchagulia mkopo saa nne usiku ukiwa umekwama na kodi. Badilisha mkopo uwe kitu kingine chochote: kukodi boda kwa siku au kuilipia pole pole iwe yako, Wi-Fi ya mwezi au bando za kila siku, kununua gesi au kuendelea na makaa. Mistari miwili, nukta moja. Wanafunzi wa hapa wanazijua bei hizo kuliko mwalimu, kwa sababu ndio wanaotumwa.

Njia ya kuweka badala, kwa wanaouliza, ina mfano wake mfukoni mwa makanga. Sarafu 14, za Sh20 na za Sh10, jumla Sh200. Za ishirini ni ngapi? Ukijua za kumi, za ishirini ni zilizobaki kufikisha 14, kwa hivyo una kitu kimoja tu cha kutafuta. Tafuta mwenyewe, uko kwenye matatu ya 46 na jam haisongi.

Kuna jambo la lugha pia, na hapa najua nitawaudhi watu. Kuanzia Gredi ya 4, Hisabati inafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Laini Saba anaongea Kiswahili na Sheng kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukimpa swali la maneno, kabla hajafika kwenye x amepambana na sentensi. Nimeona mtoto akikwama dakika kumi kwenye swali la umri wa baba na mwanawe; nikamsomea kwa Kiswahili, akaandika milinganyo yote miwili kabla sijamaliza. Hesabu haikuwa imemshinda. Sisemi tubadilishe lugha ya mtihani kesho. Nasema mwalimu asione haya kusema "taarifa ya kwanza inasemaje?" kwa Kiswahili, aache darasa lijadiliane kwa Sheng, kisha waandike kwa Kiingereza. Mtoto anayefikiria kwa lugha yake haibi kitu.

Najua walimu watakaonijia juu. Watasema: kijana, umewahi kusimama mbele ya darasa lililofurika, ukiwa na mada kumi mbele yako na muhula wa wiki chache? Watasema kwamba Sekondari Msingi ziliwekwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023 bila maandalizi ya kutosha, kwamba mwalimu mmoja anabebeshwa masomo ambayo hakusomea, kwamba mwaka 2024 walimu wanagenzi walilazimika kugoma kwa sababu ya mkataba wa Sh20,000 kwa mwezi. Yote kweli, na sitarajii mtu aliyelala njaa afundishe kwa mbwembwe. Nyingi ya shule zinazohudumia watoto wa mitaa hii hata si za serikali. Ni za jamii, za makanisa, za watu binafsi, na mwalimu analipwa wazazi wakilipa.

Lakini ninachoomba hakigharimu saa za ziada. Ni mpangilio tu. Leo kipindi cha kwanza ni kanuni, cha pili ni kanuni, na maswali ya maisha yanawekwa mwishoni pamoja na yale "ya wanafunzi hodari". Pindua. Kipindi cha kwanza chapo na chai, bila herufi yoyote ubaoni. Cha pili mashahidi: nani ameongeza habari, nani amerudia, nani amedanganya. Kisha herufi. Kanuni iliyokuwa ikichukua wiki mbili na kusahaulika baada ya moja itaingia kwa siku chache. Nimeiona ikiingia, kwenye chumba cha mabati chenye ubao mmoja uliopasuka.

Baraza la Mitihani (KNEC) nalo lina kazi yake, kwa sababu walimu hufundisha kinachoulizwa. Likiweka swali moja tu ambalo jibu lake sahihi ni "taarifa hizi hazitoshi", shule zote nchini zitabadilika ndani ya muhula mmoja.

Nikuachie moja ya njiani. Watu watatu wamekula kibanda kimoja, bei zote ni shilingi kamili, hakuna senti. Wa kwanza anasema mandazi matatu na chai mbili alilipa Sh90. Wa pili, mandazi sita na chai nne, Sh170. Wa tatu, mandazi matatu na chai moja, Sh60. Mmoja wao, na ni mmoja tu, anadanganya. Ni nani, na umejuaje?